Onyo Lisiloeleweka Si Onyo: Dhoruba za Theluji na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Methali hii hutajwa aghalabu bila kuzingatiwa jambo moja lililojificha ndani yake, kwamba anayetahadharishwa anaielewa lugha ya anayemtahadharisha. Katika miji ya kaskazini mwa Marekani, ambako maelfu ya wakimbizi kutoka maziwa makuu ya Afrika wamepewa makao, jambo hilo hugeuka suala la uhai na mauti kila majira ya baridi yanapowadia. Serikali za miji hiyo hununua magari ya kuondolea theluji, huweka akiba ya chumvi ya kumwaga barabarani na hutenga majumba ya kuwahifadhi waliokosa joto. Maandalizi ya lugha huachwa hadi siku ya dhoruba yenyewe, nayo siku hiyo huwa imechelewa.

Mfano wa Buffalo, jiji lililo katika jimbo la New York, watosha kulidhihirisha hili. Mnamo Desemba 2022 jiji hilo na viunga vyake lilikumbwa na dhoruba iliyodumu kwa zaidi ya saa 36 na kumwaga theluji ya kina cha zaidi ya sentimita 120. Watu 47 walifariki katika kaunti ya Erie. Baadhi yao walikutwa nje, wengine ndani ya magari yaliyokwama, wengine katika nyumba zisizokuwa na joto, na wengine walikufa kwa sababu magari ya wagonjwa hayakuweza kuwafikia. Utabiri haukukosekana. Siku kadhaa kabla, wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wametangaza kwamba dhoruba ya namna hiyo hutokea mara moja tu katika kizazi kizima. Hata hivyo, amri ya kupiga marufuku magari barabarani ilianza kutekelezwa saa tatu na nusu asubuhi ya tarehe 23, na ilitangazwa muda usiotimia saa moja kabla ya hapo, wakati ambapo wafanyakazi wengi walikuwa wamekwisha kuondoka majumbani mwao.

Ikiwa onyo lilimchelewea hata mzawa anayekijua Kiingereza, je, hali ya mgeni ilikuwaje? Buffalo ni makao ya wakimbizi kutoka Burma, Bhutan, Somalia, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miongoni mwao wamo wanaozungumza Kiswahili, na ambao kabla ya kufika huko hawakuwa wamewahi kuiona theluji. Mtu wa aina hii hahitaji tu kuambiwa kwamba dhoruba inakuja. Anahitaji kuambiwa dhoruba hiyo ni kitu gani, inaua kwa njia gani, na afanye nini ili asife.

Historia ya Seattle, katika jimbo la Washington, inaonyesha jinsi pengo la lugha linavyoua. Dhoruba ya Januari 1993 ilipokata umeme, watu wengi walilazwa hospitalini baada ya kuvuta gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Madaktari waliowachunguza waligundua kwamba waliokuwa wamewasha makaa ndani ya nyumba kwa sehemu kubwa walikuwa wahamiaji wasiokijua Kiingereza vyema. Mifuko ya makaa ilikuwa na onyo, lakini onyo lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Katika miaka iliyofuata serikali kuu iliagiza onyo hilo liambatanishwe na picha. Desemba 2006 dhoruba nyingine ilizinyima umeme nyumba zaidi ya milioni moja, na msiba ule ule ukarudi, safari hii Wasomali na Wavietnamu wakiwa miongoni mwa walioathirika. Gazeti la Seattle Times lililazimika kuchapisha onyo kwa lugha kadhaa katika ukurasa wake wa kwanza. Kitendo hicho kilistahili pongezi, ila kilikuja baada ya watu kufa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia, kwani kazi ya kutafsiri onyo si nyepesi kama inavyodhaniwa. Chukua sentensi fupi: "Usiwashe jiko ndani ya nyumba." Kwa msikilizaji wa Nakuru, jiko laweza kuwa la makaa, la gesi au la umeme, tena jiko ni chumba cha kupikia. Aliyepangishwa nyumba Buffalo amekabidhiwa jiko la umeme ndani ya nyumba hiyo, na bila shaka atajiuliza iwapo amekatazwa kupika. Msikilizaji kutoka Kivu naye huenda amezoea kusema makala badala ya makaa, na kifaa cha kuyawashia akakiita mbabula. Onyo lililo sahihi kisarufi laweza basi kupita masikioni mwake bila kumgusa. Lililo salama litataja kitu chenyewe na sababu yake: "Usiwashe makaa (makala) ndani ya nyumba, hata madirisha yakiwa wazi. Moshi usioonekana utawaua mkiwa usingizini."

Ugumu huo huo unajitokeza katika amri ya Buffalo. Mfasiri mwenye haraka ataandika "marufuku ya kusafiri". Katika Kiswahili, hata hivyo, kusafiri ni kufunga safari ya mbali. Anayekwenda kazini mtaa wa tatu au dukani kununua maziwa hasemi kwamba anasafiri. Ataisikia amri, aikubali, kisha atoke na gari lake bila kujua kwamba ameivunja. Vivyo hivyo, kamusi hutenganisha theluji na barafu, ilhali katika mazungumzo wasemaji wengi huyatumia maneno hayo kwa kubadilishana. Dereva anayeonywa juu ya barafu atatazama weupe ulio kando ya njia, naye ataangamizwa na tabaka jembamba lililoganda juu ya lami, ambalo halionekani.

Wapo watakaodai kwamba suluhisho ni wageni kujifunza Kiingereza. Rai hii ina mashiko kwa maisha ya kila siku, lakini lugha hujifunzwa kwa miaka na dhoruba huua kwa saa chache. Wapo pia watakaosema kwamba kompyuta hutafsiri kufumba na kufumbua. Mifano ya jiko na safari imeonyesha kwamba tatizo si kasi, bali ni kumjua msikilizaji. Isitoshe, tegemeo la serikali kuu limelegea. Machi 2025 Rais wa Marekani alifuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka asasi za serikali kuu ziwarahisishie huduma wasiokijua Kiingereza vyema. Mwezi uliofuata, idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo ilisimamisha kwa muda tafsiri za maonyo yake kwa kuwa mkataba ulikuwa umekwisha. Mzigo huo sasa umeziangukia zaidi serikali za miji na kaunti.

Suala hili halikomei ng'ambo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za zimamoto na udhibiti wa majanga, na Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Baridi ya Julai katika Limuru na Nyandarua haina theluji, lakini jiko la makaa linalolazwa chumbani usiku huua kwa gesi ile ile iliyoua Seattle. Kaunti inayosubiri vifo ndipo itoe tangazo inalirudia kosa la miji ya ng'ambo bila hata kisingizio cha ugeni wa lugha.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuchangia jambo hapa. Vinaweza kuandaa matini fupi za maonyo kabla ya msimu, kuzisoma mbele ya wasemaji kutoka Mombasa, Bujumbura na Bukavu, na kuuliza kila mmoja amekatazwa nini na ameagizwa nini. Matini zitakazopita jaribio hilo zikabidhiwe kaunti za hapa nchini, na pia jumuiya za Waswahili walioko katika miji ya baridi. Isimu iliyobaki darasani haimwokoi mtu. Husemwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kabla ya kumlaumu aliyevunjika, ni haki kuuliza kama mkuu alisema naye kwa maneno anayoyaelewa.