Walima bila nyama: tusiongeze sharti ambalo dini haikuliweka

Kila sifa njema inamstahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, tumeletewa swali kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, kwenye njia panda ambapo barabara itokayo Nyakanazi hugawanyika, moja ikielekea Biharamulo na Bukoba, nyingine ikishika njia ya Ngara hadi Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda. Muulizaji ni kijana anayekaribia kufunga ndoa. Yeye na mchumba wake hawali nyama, samaki, mayai wala maziwa, na wanataka walima yao iwe ya vyakula vitokavyo ardhini tu. Wazee wa pande zote mbili wamekataa. Wanasema harusi isiyomwagika damu haina baraka, na kwamba aibu hiyo hawawezi kuibeba mbele ya majirani. Tarehe ya nikahi imesogezwa mara mbili. Kijana anauliza: je, walima bila nyama inasihi?

Swali hili si dogo, kwani nikahi ya halali imesimama mlangoni ikingoja sufuria. Tumeona tulijibu kwa urefu, kwa sababu lina pande mbili, na kila upande una la kusikia.

Tuanze na hukumu yenyewe. Wanazuoni walio wengi wanasema walima ni sunna iliyokokotezwa. Ushahidi wao mashuhuri ni kisa cha Abdurrahman bin Auf (RA), ambaye Mtume (SAW) alipojua kwamba ameoa, alimwagiza afanye walima japo kwa kondoo au mbuzi mmoja. Wengi wetu tumeishika hadithi hii peke yake, tukaifanya mbuzi kuwa nguzo ya walima. Lakini hadithi haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na matendo ya yule aliyeisema.

Mwaka wa 7 Hijria, akirejea kutoka Khaybar, Mtume (SAW) alimwoa Bibi Safiyya (RA). Anas bin Malik (RA), aliyekuwa akimhudumia, anasimulia katika Sahihi ya Bukhari kwamba aliwaita Waislamu kwenye walima hiyo, na haikuwa na mkate wala nyama. Yalitandikwa matandiko ya ngozi, zikamwagwa tende, jibini kavu na samli. Ndiyo ilikuwa karamu. Pia imepokewa na Bukhari kwamba kwa mmoja wa wake zake Mtume (SAW) alifanya walima kwa vibaba viwili tu vya shayiri, kila kimoja kikiwa takriban ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Hapo hapana nyama, wala maziwa, wala samli. Na alipomwoa Bibi Zaynab bint Jahsh (RA) alichinja kondoo, akawalisha watu mkate na nyama hadi wakashiba, na Anas anasema hakumwona Mtume (SAW) akifanya walima kubwa kuliko hiyo kwa mke yeyote.

Tazama basi, ndugu msomaji. Mume ni yule yule, naye ndiye kiigizo chetu, na walima zake zilitofautiana kwa kadiri ya hali. Kwa sababu hii Qadhi Iyadh, mwanachuoni mkubwa wa Maghrib aliyefariki mwaka wa 544 Hijria, alinukuu makubaliano ya wanazuoni kwamba walima haina kiwango cha juu wala cha chini, na kwamba chakula chochote kinachopatikana kinatosheleza. Hivyo jibu la swali ni hili: walima ya wali, ndizi na maharage inasihi, na anayesema haisihi ameongeza sharti ambalo dini haikuliweka.

Ama kauli kwamba harusi isiyomwagika damu haina baraka, hiyo ni mila, si dini. Qur'ani, katika Suratul Hajj aya ya 37, inatufundisha kwamba hata katika wanyama wanaochinjwa kwa ibada, kinachomfikia Allah (SW) si nyama wala damu bali ni uchamungu wa mchinjaji. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa mnyama wa ibada, vipi karamu ya harusi? Tutofautishe mambo. Udh-hiya ya Idi na akika ya mtoto ni ibada ambazo asili yake ni kuchinja, na gunia la mchele halikai mahali pa mnyama. Walima siyo hivyo. Makusudio ya walima ni kuitangaza ndoa, kumshukuru Allah na kuwalisha watu.

Hata hivyo hatutaficha upande wa pili, kwani mwenye kujibu nusu ya swali hakujibu. Wanazuoni wanaona ni bora kwa mwenye uwezo achinje, kwa kufuata agizo alilopewa Abdurrahman bin Auf. Tena yapo mambo mazito zaidi katika niya za vijana wetu.

Watu wanaoacha vyote vitokavyo kwa wanyama wamekuwa wengi duniani. Chama chao cha kwanza kiliundwa Uingereza mwaka 1944, na baadhi yao hawagusi hata asali. Sababu zao hazifanani. Yupo anayeacha kwa maradhi au kwa ushauri wa tabibu. Yupo ambaye nafsi yake haipendi tu. Yupo anayewahurumia wanyama kwa namna wanavyofugwa na kusafirishwa. Na yupo anayeamini kwamba kumchinja mnyama ni dhulma, na anayekula nyama ni mkosaji. Hawa wa mwanzo hawana kosa. Huyu wa mwisho amevuka mpaka, kwa sababu amekiharamisha alichokihalalisha Allah (SW).

Mpaka huu umewekwa wazi. Katika Suratul Maida aya ya 87 waumini wamekatazwa kujiharamishia vizuri walivyohalalishiwa. Suratun Nahl inawataja wanyama wa mifugo kuwa ni neema yenye joto, manufaa na chakula, inayataja maziwa, kisha inamtaja nyuki na kinywaji chake chenye ponyo kwa watu. Na katika Sahihi ya Muslim kipo kisa kinachowahusu hasa maharusi wetu. Baadhi ya masahaba, kwa hamu ya kumcha Mungu, mmoja alisema hataoa, mwingine akasema hatakula nyama, mwingine akasema hatalala kitandani. Mtume (SAW) akawakemea, akaeleza kwamba yeye huswali na hulala, hufunga na hufungua, na huoa, na anayeupa mgongo mwenendo wake si katika yeye. Kuoa na kula nyama vimetajwa mahali pamoja. Haifai basi kijana aishike sunna ya ndoa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ageuze kuacha nyama kuwa ndiyo dini.

Lakini kutokula si sawa na kuharamisha. Katika nyumba ya Bibi Maimuna (RA), Mtume (SAW) aliletewa mnyama aitwaye dhabb, aina ya mjusi wa jangwani, aliyechomwa. Akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (RA) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa hapana, ila nafsi yake haimpendi kwa kuwa hakuwa akipatikana katika nchi ya watu wake. Khalid akamvuta, akamla, na Mtume (SAW) akitazama. Adabu yote ya jambo letu imo humo. Asiyekula hakumkataza anayekula, na anayekula hakumcheka asiyekula.

Na wale wanaodhani nyama ndiyo heshima ya sahani wakumbuke pia kwamba Imam Malik amepokea katika Muwatta onyo la Sayyidna Umar (RA) juu ya nyama, kwamba ina uraibu wake mfano wa uraibu wa pombe. Hakuiharamisha. Aliionya nafsi isiyoweza kukaa bila nyama. Ni harusi ngapi mjini na vijijini zimeingia katika madeni kwa ajili ya ng'ombe? Ni kamati ngapi za harusi zimegombana juu ya michango kwa sababu ya kilo za nyama, wakati mahari ya binti haijakamilika?

Lipo na jambo la ujirani. Watu wa Kagera na Geita wanakumbuka Februari 2013, huko Buseresere, pale mgogoro wa nani ana haki ya kuchinja ulipogeuka ghasia na mchungaji mmoja akauawa. Lilikuwa jambo la huzuni kwa kila mwenye akili. Lusahunga ni mahali pa mchanganyiko, pana Waislamu na Wakristo, wenyeji na wasafiri, na madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi. Hatusemi Waislamu waache kuchinja kwa ajili ya hofu, la hasha. Tunasema tu kwamba sahani ya maharage haimuulizi mtu nani aliyeshika kisu. Jirani yeyote ataketi na kula bila wasiwasi, na hilo nalo ni kheri katika siku ya furaha.

Sasa tushuke jikoni, kwa sababu nia njema bila maandalizi huleta fedheha. Mkoa wa Kagera haukunyimwa chakula. Ndizi zipikwe kwa karanga. Uwepo wali wa nazi, na pilau iliyoungwa kwa viungo kamili pamoja na viazi na njegere. Yawepo maharage yaliyokolea, kisamvu cha karanga, mchicha, kachumbari, parachichi na nanasi. Vitumbua vya mchele na tui havihitaji yai wala maziwa. Badala ya maziwa, wageni wapewe maji ya ukwaju, au maji yaliyolowekwa tende, ambayo ni kinywaji chenye asili katika walima: Bukhari amepokea kwamba katika harusi ya Abu Usayd (RA), bibi harusi mwenyewe aliloweka tende usiku kucha akamnywesha Mtume (SAW) baada ya chakula.

Wapishi waambiwe mapema, tena kwa uwazi. Mpishi wa shughuli amezoea kutia samli kwenye wali na supu ya mifupa kwenye pilau, na atafanya hivyo kwa wema wake asipoelezwa. Na chakula kiwe kingi. Mwenye kuacha nyama kisha akapika kidogo, watu watasema ni ubahili uliovikwa joho la huruma, na hawatakuwa na makosa. Fedha ya ng'ombe iliyobaki isirudi yote mfukoni. Waitwe vibarua, wapakia mizigo, wajane na watoto wa madrasa, kwani Mtume (SAW) amekitaja chakula cha walima wanachoitiwa matajiri na kuachwa masikini kuwa ndicho chakula kibaya kabisa.

Kwa maharusi tunasema: walima ni jukumu la bwana harusi, basi apange karamu yake kwa kadiri anavyoona. Lakini kama baba mkwe anataka kuchinja mbuzi nyumbani kwake kwa ajili ya wageni wake, msimzuie, wala msigeuze nyuso. Hiyo ni mali yake na ni halali yake. Zungumzeni na wazazi kwa upole, mbele ya shangazi au mjomba anayesikilizwa, na waelezeni kwamba hamuikatai neema ya Allah. Haki ya mzazi ni kubwa kuliko haki ya sahani.

Kwa wazee wetu tunasema: shikamooni, na mtuwie radhi kwa neno hili. Kuchelewesha nikahi ya vijana wawili waliokwisha kuridhiana, kwa sababu ya kitoweo, ni hatari. Mnajua yanayowapata vijana nikahi inapocheleweshwa. Aibu ya kweli ni zinaa, si maharage.

Na kwa wageni tunasema: aliyealikwa walima aitikie. Abu Hurayra (RA) amesimulia kwamba Mtume (SAW) hakupata kukitia kasoro chakula kamwe. Akikitamani alikila, na asipokitamani alikiacha. Basi anayetoka kwenye harusi akisema amelishwa majani, ajue kwamba ameacha sunna iliyo nyepesi kuliko zote, nayo ni kunyamaza. Awaombee maharusi baraka, ashukuru, aende zake. Nyama ataikuta buchani kesho.

Tunamwomba Allah (SW) azitie baraka ndoa za vijana wetu, azipatanishe nyoyo za wazazi na watoto, na atujaalie kula vya halali bila israfu na kuviacha bila kiburi.

Wabillahi tawfiq.