Watoto Wetu Watunge Michezo, Wasiicheze Tu

Ndugu wanachama, mijini na sasa hata vijijini, watoto hujazana kwenye vibanda vya gemu, au huizunguka simu moja kama nzi. Wazee wananung'unika. Sisi hatusemi watoto waache kucheza. Tunasema hivi: karibu michezo yote hiyo imetungwa ng'ambo. Wao ni mafundi, sisi ni wanunuzi. Taifa linalonunua hata mchezo wa watoto wake bado lina safari ndefu ya kujitegemea.

Wapo wanaodhani kuandika programu ni kazi ya mabingwa tu. Si kweli. Mwaka 1967, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, huko Marekani Seymour Papert na wenzake walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa watoto. Papert alikuwa mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, na katika ujana wake alipinga ubaguzi wa rangi. Aliamini kwamba mtoto hujifunza vyema anapounda kitu. Mwalimu naye aliikataa elimu iliyotengwa na kazi.

Leo ipo Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007. Hailipiwi, ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti, na amri zake zinapatikana kwa Kiswahili. Mtoto huzipanga amri kama matofali. Tuseme anatunga mchezo wa mwewe na vifaranga. Hana budi kuamuru: ikiwa mwewe amemgusa kifaranga, alama ipungue moja. Katikati ya uwanja ni 0. Ukingo wa kulia ni 240, wa kushoto ni -240. Namba hasi zilizomtoa jasho ubaoni sasa anazielewa, maana bila hizo mwewe wake hafiki kushoto. Mwewe akikwama, mtoto hulitafuta kosa hatua kwa hatua mpaka alipate. Hapo anajifunza kufikiri, si kukariri.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilizuia kuingiza kompyuta nchini. Zuio hilo liliondolewa zamani, lakini bado wako watoto wanaokariri sehemu za kompyuta kutoka ubaoni bila kuigusa. Jirani zetu wa Kenya waliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Sisi tusikae tukingoja amri kutoka juu.

Kila tawi la Chama lenye kompyuta lifungue mlango Jumamosi alasiri. Kompyuta moja yatosha watoto wanne wakipokezana. Walimu vijana wajitolee, hata kwa saa mbili. Wasichana wakae mbele sawa na wavulana, wala wasiachiwe kazi ya kutazama.

Mkoloni alitaka makarani, akatusomesha ukarani. Taifa huru linataka mafundi. Ujinga ni adui, na adui huyu hapigwi kwa hotuba. Wanachama, kazi ianze Jumamosi hii.