Mwalimu Hakuwa Mnene

Ndugu msomaji, leo naomba tuiweke kando Katiba na bajeti, tuzungumzie mistari myeusi inayojitokeza kwenye televisheni zetu pana. Usicheke. Jambo hili ni la kisiasa kuliko linavyoonekana.

Tarehe 14 Oktoba iliyopita nilikuwa Kamuli, wilayani Kyerwa, sebuleni kwa mjomba wangu. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa kikionyesha picha za Mwalimu Nyerere akihutubia mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipouvamia mkoa wetu. Mjukuu wa mjomba, mwanafunzi wa kidato cha pili, akasema: "Kumbe Mwalimu alikuwa bonge la mtu!" Mjomba, aliyepata kumwona Mwalimu kwa macho yake Bukoba mjini, akamjibu kwamba Mwalimu alikuwa mwembamba kama mkaratusi, na kwamba huyo aliyemo kwenye kioo hamjui. Mtoto akatabasamu kwa adabu. Kati ya babu na kioo, alikuwa amekwisha kuchagua kioo.

Nani alimnenepesha Mwalimu? Mwaka 1978 Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na haikuwa nayo hadi 1994. Kumbukumbu zetu zilipigwa kwenye mikanda ya filamu ambayo picha yake ina upana wa sehemu nne kwa kimo cha sehemu tatu. Televisheni za zamani, zile zenye mgongo, zilikuwa na umbo hilohilo. Televisheni za leo zina upana wa sehemu kumi na sita kwa kimo cha sehemu tisa. Ukiiweka picha ya zamani ndani ya kioo kipya, kimo kinatosha lakini upana haufiki, na robo ya kioo inabaki tupu, kushoto na kulia. Huo utupu ndio mistari myeusi. Si ubovu wa televisheni wala wa king'amuzi. Ni mahali ambapo picha imekwisha.

Sasa asiyependa utupu huo ana njia mbili tu. Aikuze picha mpaka juu na chini vikatike, apoteze robo yake. Au aivute pembeni, kila kilichomo kiongezeke upana kwa theluthi nzima bila kuongezeka kimo. Kituo kile kilichagua njia ya pili. Gurudumu likawa yai, na Mwalimu akawa bonge.

Filamu za sinema zina kisa cha upande wa pili. Katika miaka ya 1950 wenye kampuni za filamu Marekani waliona televisheni inawanyang'anya watazamaji, wakajibu kwa kupanua picha: CinemaScope ilianza mwaka 1953 na filamu *The Robe*. Tangu hapo filamu nyingi zimekuwa pana kuliko kioo chochote cha nyumbani. Umbo la kumi na sita kwa tisa lenyewe ni suluhu, lililopendekezwa katika miaka ya 1980 na mhandisi Kerns Powers ili filamu nyembamba na filamu pana zote ziingie kwenye kioo kimoja bila yoyote kuumia sana. Ndiyo maana filamu pana kabisa huacha mistari juu na chini, nayo inachukua kama robo ya kioo.

Nimeketi katika vibanda umiza vya kwetu, ambako filamu huja zikiwa na sauti za wafasiri wa Uganda, nikamwona mwenye kibanda akibonyeza rimoti ili "kujaza kioo" kwa heshima ya wateja. Watu wawili waliokuwa wakigombana, mmoja kila pembe ya picha, wakabaki pua mbili na ukuta katikati. Hakuna aliyedai nauli yake. Kioo kilikuwa kimejaa!

Najua jibu nitakalopewa: "Nimelipia inchi 43, nataka zote." Ni hoja ya mnunuzi, si ya mtazamaji. Ukinunua fremu kubwa kuliko picha ya marehemu baba yako, humvuti baba uso ili ajaze fremu. Na kanga yenye pindo na jina haikatwi jina kwa sababu kitanda ni kifupi.

Mwenye kibanda nimemsamehe. Kosa lake linaisha filamu inapoisha. Ninaowalaumu ni wenye vituo. Tangu kuzimwa kwa mitambo ya analojia kulikoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tumelipia ving'amuzi na tumelipia vifurushi, na tukaambiwa tunanunua ubora. Kituo kinapoivuta kumbukumbu kabla ya kuirusha, mtazamaji wa Kamuli hapokei tena kumbukumbu. Anapokea nakala iliyoharibiwa, naye hana namna ya kujua. Kesho nakala hiyo itapakuliwa, itasambazwa kwenye simu, na mwalimu wa historia ataionyesha darasani. Wazee waliouona mwaka 1978 wanazikwa kila mwezi. Sisi wa Kagera, ambao vita ile ilipigwa katika mashamba yetu, tuna haki ya kuwadai wenye mitambo watuonyeshe picha kama ilivyopigwa, na mistari yake myeusi pembeni. Kazi hiyo haihitaji hata shilingi moja. Inahitaji fundi asiyeona aibu kuacha sehemu ya kioo ikiwa tupu.

Jioni ile niliomba rimoti, nikatafuta kitufe cha umbo la picha, nikakibana kioo kiwe nne kwa tatu. Mistari ikatokea kushoto na kulia, na Mwalimu akarudi na mashavu yake. Mjukuu akakaa kimya. Kisha akatokea mtangazaji wa kituo, naye, kwa kuwa yeye alikuwa amepigwa kwa umbo jipya, akawa mwembamba kama fito. Mtoto akacheka, akaniomba nirudishe.

"Acha hivyohivyo," alisema mjomba. "Mpaka Mwalimu amalize."