Mwisho wa Rubí Hautupendezi



Wengi wetu hapa Butembo na kule Beni tulimfuata Rubí jioni kwa jioni, umeme ukiwapo. Nami katekista nakiri: nilikuwa kijana, nikibanana na wenzangu sebuleni kwa jirani. Mchezo huo mrefu wa televisheni ulitengenezwa Meksiko mwaka 2004, na hata leo watu wautaja.

Rubí ni binti maskini mwenye sura nzuri. Ampenda Alejandro, mganga kijana asiye na mali. Lakini Maribel, rafiki aliyemtendea mema, anapofikia siku ya arusi, Rubí amnyang'anya bwana arusi, Héctor, kwa sababu ya utajiri. Mpaka hapo sina neno. Tamaa yaua mapenzi, nasi twaona jinsi iuavyo.

Mwisho je? Rubí aanguka kutoka juu. Uso waharibika, mguu wakatwa. Sebuleni tukapiga makofi: "Amelipwa!" Amelipwa nini? Maribel, mwenye moyo mwema, naye hutembea kwa mguu wa bandia tangu utoto. Je, yeye alikosa nini? Kwetu wako wengi waliopoteza viungo kwa risasi na panga, wala hawana kosa. Kilema si hukumu. Watunzi walimpa Rubí kilema, wakamnyima toba.

Tena liko baya zaidi. Miaka yapita, Rubí amfundisha Fernanda, mtoto wa dada yake, kumtega Alejandro ili kulipiza kisasi. Na hapo ndipo hadithi inapokoma! Mapenzi yamegeuka silaha, na silaha imetiwa mkononi mwa mtoto.

Wazazi wa Beni, ninyi mnajua. Tangu Oktoba 2014 mnazika watu waliochinjwa. Kazi yetu ngumu kuliko zote ni kumlea yatima asirithi kisasi. Je, jioni tumshangilie anayekirithisha?

Mtu atasema: "Mwalimu, ni mchezo tu." Haya. Lakini wachumba ninaowafundisha wamjua Rubí kuliko Ruthu.

Sisemi mzime televisheni. Kaeni na watoto, kisha waulizeni: Rubí angefanya nini kabla ya kumwita Fernanda? Hata mdogo atajibu: angemwendea Maribel, angesema, "Nisamehe."

Huo ndio mwisho tulioungoja, nao hatukupewa.