Mpendwa, Sauti Hiyo Umeilipia?



Leo nazungumza kwanza na wapiga vinanda na timu za sifa. Lakini wewe unayeketi kwenye viti usiende mbali, maana sadaka yako ndiyo inayonunua vyombo vya kanisa.

Makanisa mengi siku hizi yana ubishi mmoja. Mzee aliyezoea kinanda kikubwa anasema sauti inayotoka kwenye laptopu ni bandia, haina uzito, haifai madhabahuni. Kijana anamjibu kwamba laptopu yake ina sauti zote za dunia, na hakutoa hata shilingi moja kuzipata.

Nimewasikiliza wote wawili. Mzee anakasirikia jambo ambalo si kosa. Kijana anajivunia jambo ambalo ni kosa. Naomba nieleze kwa nini nasema hivyo.

1. SAUTI HII ILITOKA WAPI

Sinthesaiza za kwanza hazikuwa na kompyuta ndani. Mwaka 1964 mhandisi Mmarekani Robert Moog, akishirikiana na mwanamuziki Herbert Deutsch, alianza kutengeneza mitambo iliyounda sauti kwa umeme mtupu. Mwaka 1970 ikaja Minimoog, ndogo ya kuweza kubebwa hadi jukwaani. Ndani yake kulikuwa na osileta tatu, yaani sehemu tatu zinazotetemesha umeme. Mtetemo huo ulipita kwenye filta iliyokata makali ya juu, kisha ukaenda kwenye spika. Iliweza kutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza tatu, unasikia moja.

Mwaka 1978 kampuni ya Sequential Circuits ya Dave Smith ilitoa Prophet-5, yenye uwezo wa noti tano kwa pamoja. Mwaka 1984 Roland wakatoa Juno-106 yenye noti sita. Ile sauti laini inayojaa nyuma wakati wa kuabudu, inayopanda polepole kama ukungu wa asubuhi huku watu wakiomba, ukoo wake uko kwa mitambo kama hiyo. Umeisikia mara nyingi, hata kama hukuwahi kujua jina lake.

Mitambo mingi ya aina hiyo ilikuwa na tabia zake. Joto la chumba likipanda, tuni inahama. Ilibidi uiwashe mapema na uiache ipate moto kabla ya kuanza. Noti mbili zilizotakiwa kufanana hazikufanana kabisa. Na watu waliipenda kwa sababu hiyo hiyo! Ni kama kwaya: waimbaji kumi wakiimba noti moja, hakuna anayeigonga sawasawa na mwenzake, na hapo ndipo unene wa sauti unapatikana.

Leo mitambo hiyo imezeeka. Minimoog ya miaka ya sabini inauzwa kwa maelfu ya dola. Juno-106 inajulikana kwa ugonjwa mmoja: vipande vya kielektroniki vinavyotoa sauti zake, vilivyofunikwa kwa gundi ngumu, vinakufa kimoja baada ya kingine. Kumpata fundi wa kuitibu ni safari.

Ndiyo sababu watu wakaketi wakaandika programu. Wanachukua mzunguko wa umeme wa mtambo wa zamani, wanaupima kipande kwa kipande, kisha wanaufanya kuwa hesabu. Laptopu yako inapiga hesabu hizo mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, na wewe unasikia sauti. Mwaka 2003 kampuni ya Arturia ya Ufaransa ilitoa programu ya kuiga mtambo mkubwa wa Moog, kwa idhini ya Moog mwenyewe. Programu za miaka ile zilikuwa na ukali fulani kwenye noti za juu. Za leo zimeboreka sana. Waandishi wake wanaiga hata kasoro: ile tuni inayohama na zile noti zisizofanana. Fikiria kazi hiyo! Mtu anatumia miezi mingi akiifundisha kompyuta kukosea kidogo, ili sikio lako lifurahi.

2. JE, SAUTI YA KUIGA NI UONGO?

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hebu tusome pamoja Mwanzo 27.

Yakobo alivaa ngozi za mbuzi mikononi ili afanane na Esau. Baba yake akapapasa, akashangaa: mikono ni ya mmoja, sauti ni ya mwingine. Dhambi ilikuwa wapi hapo? Haikuwa kwenye ngozi. Ngozi ya mbuzi haina kosa. Dhambi ilikuwa kinywani, pale Isaka alipouliza yeye ni nani, naye akajitaja kuwa ni Esau.

Programu inayosema wazi kwamba imetengenezwa kwa mfano wa Juno haijamdanganya mtu. Mpiga kinanda anajua, fundi wa mitambo anajua, na ukiuliza utaambiwa. Hakuna Isaka aliyeibiwa baraka hapo.

Tena historia ya kanisa lenyewe inatufundisha. Mwaka 1935 Laurens Hammond wa Marekani alianza kuuza ogani ya umeme. Makanisa yaliyoshindwa na bei ya ogani kubwa ya mabomba yaliikimbilia. Watengenezaji wa ogani za mabomba walilalamika kwamba ile Hammond si ogani ya kweli, na miaka ile ile ya 1930 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilifungua shauri juu ya jinsi kampuni hiyo ilivyojitangaza. Ilionekana bandia. Leo je? Nenda kwa makanisa ya Wamarekani weusi, uulize ogani ya kweli ya injili ni ipi. Watakuonyesha Hammond! Na leo kuna programu zinazoiga Hammond, na kuna watu wanaosema ndizo bandia.

Basi tusiifanye sauti ya ujana wetu kuwa sheria kwa watoto wetu. Kila kizazi kiliingia kanisani na chombo ambacho kizazi kilichotangulia kilikitilia shaka.

3. UONGO UKO MAHALI PENGINE

Sasa kijana wangu, njoo karibu.

Umesema hukutoa hata shilingi. Kuna programu halali zinazotolewa bure, nitakuja huko. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba nyingi zinazozunguka kwenye flashi, kutoka kwa mpiga kinanda wa kanisa hili hadi wa kanisa lile, ni zile mnazoita kraki. Mtu amevunja kufuli ya programu inayouzwa, akaiweka intaneti, nawe ukaipakua. Jumapili unaifungua, unafunga macho, unapiga, watu wanainua mikono.

Mpendwa, hiyo ni mali ya wizi. Na kuipigia nyimbo za ibada hakuitakasi.

Hata sheria ya nchi yetu iko wazi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Lakini hata kama polisi hatafika kanisani kwenu kufungua laptopu, amri ya nane ilikuwepo kabla ya Bunge.

Nimesikia majibu, tuyapime moja moja.

"Ni kampuni za Ulaya, hawataona upungufu." Wengine ni kampuni kubwa, kweli. Lakini wengi katika kazi hii ni watu wachache, na wakati mwingine ni mtu mmoja na kompyuta yake. Sinthesaiza ya programu inayoitwa Vital, ambayo vijana wengi wanaijua, iliandikwa na mtu mmoja, Matt Tytel. Na hata kama aliyeibiwa ni tajiri, amri haikuweka kiwango cha mapato ya jirani yako.

"Ni kwa kazi ya Mungu." Soma 2 Samweli 24. Daudi alitaka kumjengea Bwana madhabahu kwenye uwanja wa Arauna. Arauna akajitolea kumpa bure uwanja, ng'ombe na kuni. Kumbuka, mwenyewe alikuwa anatoa kwa hiari! Hata hivyo Daudi alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akalipa shekeli hamsini za fedha. Kama Daudi alikataa kilichotolewa kwa hiari, wewe unamtoleaje Mungu kitu ambacho mwenyewe hajakutolea?

"Lakini bei ni kubwa." Hapa sitakudharau. Ni kubwa kweli. Programu moja inaweza kula mshahara wa kijana wa mtaani, na malipo ni kwa dola. Lakini bei kubwa ya kitu ni sababu ya kungoja, au kuomba msaada, au kutafuta mbadala. Haijawahi kuwa sababu ya kuchukua. Muulize mama muuza mboga kama atakubali hoja hiyo kwenye kibanda chake.

Na hapa neno lifike mahali pake. Ninyi waimbaji wetu wa injili mnalia, na mna haki ya kulia, kwamba mtu anarekodi wimbo kwa jasho, kisha unanakiliwa kwenye flashi na kuuzwa mitaani bila yeye kupata chochote. Mnataka kanisa liwasimamie. Nami nasimama nanyi. Lakini wimbo huo ulirekodiwa kwa programu gani? Kama laptopu ya studio imejaa kraki, basi tumemlilia mwizi huku tumevaa koti la jirani.

4. USIABUDU CHOMBO

Kuna hatari upande wa pili pia. Nimeona vijana ambao kila mwezi wanatafuta sauti mpya, wana sauti elfu tatu na hawajui kupiga nyimbo tano za tenzi kwa ufasaha.

Nitakupa mfano wa mtu wa bara letu. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, alikuwa na sinthesaiza wakati watu wachache sana Afrika walikuwa nazo. Kati ya mwaka 1977 na 1985 alitoa albamu nane. Kisha akaokoka. Miaka mingi baadaye wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walimtafuta kwa hamu, na mwaka 2013 nyimbo zake zikatolewa upya Marekani. Waandishi wa habari walitaka sana kusikia habari za ile mitambo na ule muziki. Yeye hakutaka kuuzungumzia. Alifariki mwaka 2017.

Sisemi uache sinthesaiza yako. Nasema mtu yule alikuwa na mitambo ambayo wewe unaiota usiku, na haikuwa imemshika. Wewe je, sauti hizo unazishika au zimekushika?

5. SASA TUFANYE NINI?

Sipendi kufundisha watu kuacha bila kuwaonyesha pa kwenda. Kwa hiyo:

Kwanza, futa. Wiki hii hii, kabla ya mazoezi. Kraki nyingi pia hubeba virusi, na laptopu ya kanisa mara nyingi ndiyo ile ile yenye hesabu za sadaka.

Pili, chukua kilicho halali na cha bure. Surge XT ni sinthesaiza kamili, bure kabisa, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Vital ina toleo la bure. Dexed, nayo ya bure, inaiga Yamaha DX7 ya mwaka 1983, ile yenye piano ya umeme inayolia kama kengele. DX7 haikuwa ya analogi, ni ya dijitali, lakini wazee watakapoisikia watatabasamu. Kwa sauti za kuabudu, hizo tatu zinatosha mwaka mzima.

Tatu, jifunze kuunda sauti. Osileta moja, filta, muda wa kupanda na muda wa kushuka. Jioni moja ya kujifunza itakupa zaidi ya flashi nzima.

Nne, rekebisha laptopu ipasavyo. Wengi wanasema programu "inachelewa" kumbe ni bafa iliyowekwa juu mno. Katika kipimo cha 48,000, bafa ya sampuli 512 peke yake inakuchelewesha karibu milisekunde 11. Ishushe hadi 128, inakuwa chini ya milisekunde 3. Ukisikia sauti inakwaruza, panda kidogo.

Tano, wazee wa kanisa, wekeni fungu. Tunafanya harambee ya spika, tunafanya harambee ya viti, lakini hatujawahi kutenga pesa za leseni moja ya programu. Kisha tunamtazama kijana asiye na kazi na kumwambia alete sauti nzuri Jumapili. Tunadhani anaitoa wapi? Kama kanisa linafurahia sauti, kanisa lilipie sauti. Mzigo huu si wa kijana peke yake.

Katika Kutoka 31 Mungu alimtaja Bezaleli kwa jina, fundi aliyejazwa Roho kwa kazi ya mikono. Mungu anawajua mafundi. Anamjua yule aliyeketi usiku akipima mzunguko wa mtambo wa zamani ili wewe upate sauti yake. Ujira wake usizuiliwe na watu wa nyumba ya Bwana.

Mpiga kinanda mpendwa, Jumapili hii piga sauti tatu tu kama ndizo ulizo nazo kwa haki. Piga kwa uhuru, ukijua hakuna mtu duniani anayekudai. Tutaimba nawe.

Mtumie ujumbe huu mpiga kinanda wa kanisa lenu, na mtunza hazina pia. Kama timu yenu imeamua kufuta na kuanza upya, niandikie hapo chini tuwaombee.

Mungu awabariki. Amina.