Mto Mmoja, Vibali Viwili

Msomaji aliyewahi kufika Lwakhakha anajua kwamba mpaka wa Kenya na Uganda pale ni mto tu. Upande huu wapo Wabukusu, ng'ambo wapo Wagisu, na kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, wote hutahiri vijana wao kwa nyimbo na desturi za asili moja. Nyimbo huvuka bila pasipoti. Mtafiti anayetaka kuzinasa hana budi kuwa na vibali viwili: cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi kule Nairobi, na cha Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia kule Kampala.

Nayasema haya kwa kuwa fedha za kazi kama hiyo zipo. Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027, unaruhusu vyuo vya Kenya na Uganda kulipwa kama washirika kamili. Lakini kuchaguliwa siyo kulipwa. Ombi likishakubaliwa, huwa imebaki miezi 3 hivi ya kutia sahihi mkataba. Katika muda huo chuo sharti kiwe na nambari yake ya utambulisho yenye tarakimu 9, hati za kuandikishwa kisheria zilizokaguliwa, na mtu aliyeteuliwa rasmi kukisemea. Nasi twazijua ofisi zetu: barua ya kungoja sahihi moja yaweza kulala mezani hata wiki 3.

Basi mwenzetu wa Ulaya, mwenye makarani wa kazi hiyo tu, hutujazia fomu, nasi twashukuru! Hapo ndipo nisipokubaliana na wakuu wetu. Katika karatasi hizo ndimo inamoamuliwa kanda za sauti zitakuwa mali ya nani, zitawekwa wapi, na nani atazifungua. Kanuni ya mpango wenyewe ni kwamba matokeo ni ya mshirika aliyeyapata. Chuo kikiingia kama kibarua wa kulipwa kwa siku, hakina la kudai.

Tena Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, itakayo ridhaa ya jamii yenyewe. Wazee wa Lwakhakha, huku na ng'ambo, waulizwe kabla fomu haijajazwa, siyo siku maikrofoni inapofika uwanjani.