Kadi Kwanza, Fedha Baadaye



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo ni ya kale, lakini yanatuhusu sisi wa mashamba ya miwa na chai, na sisi wa viwanda vya Jinja, kwa maana wenzetu wengi wananunua pikipiki kuukuu zisizo na kadi ya usajili. Muuzaji huja jioni ya siku ya mshahara. Anasema ana mgonjwa, ana haraka, na bei ni nusu. Mnunuzi huwasha injini, husikiliza mlio, hutazama matairi, kisha huhesabu fedha. Karatasi anayopewa ni kipande cha daftari la shule chenye sahihi mbili.

Hatuwacheki wenzetu hao. Zamu ya usiku huisha saa ambayo hakuna gari, na zahanati iko mbali na kambi. Mshahara nao twaujua. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda ni kile kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, lakini Rais alikataa kuutia sahihi. Mtu wa mshahara mdogo akisikia bei ya nusu huona ni rehema. Si rehema hata kidogo. Ile nusu iliyopunguzwa ndiyo bei ya hatari, na muuzaji anaitua hatari hiyo kichwani mwake ili akutwike wewe.

Hatari ya kwanza ni wizi. Sheria inasema mtu hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo. Mwenye pikipiki akitokea na kadi yake, ataichukua mali yake, hata kama wewe ulilipa kwa moyo safi. Nawe utabaki kumtafuta muuzaji ambaye hata jina alilokupa si lake. Tena kupokea mali ya wizi, ukijua au ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Mahakamani, bei ya nusu na kukosekana kwa kadi ndivyo vitakavyoonyeshwa kuwa ulikuwa na sababu ya kujua.

Hatari ya pili ni deni. Pikipiki nyingi za abiria hununuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji hukaa na kadi mpaka alipwe shilingi ya mwisho. Tangu mwaka 2019 iko sheria ya dhamana za mali zinazohamishika, na mkopeshaji aliyeandikisha dhamana yake aweza kuifuata pikipiki mpaka mlangoni pako. Muuzaji anaposema kadi iko kwa ndugu yake Kampala, uliza kama huyo ndugu si mdai wake.

Hatari ya tatu ni mpaka. Sisi tulio karibu na Busia na Malaba twajua njia za panya. Pikipiki iliyopita huko bila kulipiwa ushuru yaweza kutaifishwa na watu wa forodha, ikiwa mikononi mwa aliyeivusha au mikononi mwako.

Wako watakaosema, “Lakini kadi nyingine hupotea kweli.” Naam, hupotea. Nyumba huungua, na mvua huingia sandukuni. Lakini kadi iliyopotea ina dawa: mwenyewe hutoa taarifa polisi, kisha huomba kadi nyingine katika ofisi ya usajili. Basi muuzaji na aipate kwanza. Akikubali, mngoje hata kama ni wiki kadhaa. Akikataa, au akitaka wewe ndiwe uishughulikie baada ya kumlipa, amekwisha kukupa jibu.

Kadi ikija, isomwe. Namba ya fremu, ambayo kwa pikipiki nyingi imepigwa kwenye shingo ya usukani, ilingane na ya kwenye kadi. Vivyo hivyo namba ya injini. Ukiona chuma kimekwaruzwa au namba imepigwa upya, ondoka. Jina la kwenye kadi liwe ndilo la kwenye kitambulisho cha muuzaji. Kisha nendeni pamoja kuhamisha jina, ndipo fedha zikamilishwe mbele ya mashahidi.

Liko jambo zito kuliko fedha. Waendeshaji wengi wa boda boda wameporwa pikipiki usiku, na wengine wameuawa. Hao ni wadogo zetu, watoto wetu, na wenzetu walioachishwa kazi. Mporaji hachukui pikipiki ili aende nayo sokoni. Anaichukua kwa sababu anajua yuko mahali fulani mnunuzi asiyeuliza kadi. Tusiwe sisi mnunuzi huyo. Haiwezekani mchana tusimame pamoja langoni mwa kiwanda tukidai malipo ya jasho letu, na jioni tununue jasho la mwenzetu kwa nusu bei.

Lakini kumwambia mtu asinunue, kisha kumwacha atembee kwa miguu, si kazi ya chama. Kila tawi lichague wajumbe wawili wa kumsindikiza mwanachama anayenunua pikipiki, wasome kadi na namba pamoja naye. Vyama vyetu vya akiba na mikopo vikopeshe kwa pikipiki zenye kadi tu, na fedha ziende kwa muuzaji baada ya jina kuhamishwa. Mkata miwa anayekatwa kidogo kila mwezi kwa pikipiki iliyo yake kweli ni tajiri kuliko yule aliyelipa nusu ya bei kwa mkupuo, akaipoteza yote kwa siku moja. Na katika meza ya majadiliano na waajiri, tuendelee kudai mshahara ambao hautamlazimisha mtu kununua vitu gizani.

Mpaka siku hiyo, ndugu, shika fedha yako kwa mkono wa kushoto na unyoshe wa kulia kuomba kadi. Mkono wa kulia ukirudi mtupu, wa kushoto usifunguke.